Betri Imekwenda Korogwe

Jumatano, 2 Machi 1960

Daftari la mvua lina nafasi ya namba tu, kwa hiyo nimenunua hili la kwangu.

Mimi ni Hamisa binti Mhina, wa Misima. Kusoma kipimo cha mvua cha baraza ilikuwa kazi ya baba tangu nikiwa mdogo. Mwaka jana kiharusi kilimlaza upande wote wa kulia, akawa hawezi kushika kalamu, na maneno yanamtoka moja moja tena kwa taabu. Bwana shamba akaniambia niendelee mimi mpaka apatikane mtu. Mtu hajapatikana. Kila siku saa tatu asubuhi namimina maji ya kipimo kwenye kigilasi, nasoma, naandika. Leo sifuri. Ardhi imekauka mpaka inapasuka.

Jana Isihaka, dereva wa lori la mahindi, alileta kifurushi kutoka posta ya Handeni. Kimeandikwa: Mhina, Karani wa Baraza, Misima. Barua za baba nafungua mimi. Ndani mna santuri kubwa nyeusi, nyepesi mkononi, na kwenye karatasi yake ya katikati kuna Kizungu kingi na majina ya kwetu. Upande wa pili, wimbo wa nne: Mwatumu na wanawake wa Kang'ata.

Mwatumu ni mama yangu. Alifariki mwaka juzi.

Nilikuwa na miaka saba alipotoka nyumba hii akarudi kwao Kang'ata. Kwa miguu ni mwendo wa siku mbili. Toka siku hiyo nilimwona mara tatu. Alipokufa nilikuwa bado nimeolewa Korogwe, na habari ilinifikia siku kumi na moja baada ya kuzikwa. Sura yake naikumbuka, na vidole vyake, na harufu ya mafuta ya mbarika. Sauti siikumbuki. Nimejaribu mara nyingi. Namwona anafumbua kinywa, basi, hakuna kitu. Na watu wote wanasema alikuwa mwimbaji wa kwanza katika Kang'ata nzima.

Mwaka hamsini na saba walipita wageni na lori lenye mashine ya kunasa sauti. Nilisikia habari zao. Sikujua kwamba walimnasa mama.

Nimemwonyesha baba. Ameitazama santuri kitambo, kisha akageuza uso ukutani. Bila shaka. Tangu utotoni nasikia kisimani kwamba alimfukuza mama kwa sababu ya kuimba. Sijawahi kumwuliza, naye hajawahi kunieleza. Nimemlisha uji huku nimenuna.

Ijumaa, 4 Machi. Sifuri.

Nimefanya ujinga.

Hapa Misima ni Kibwana mwenye duka peke yake aliye na gramafoni, ile ya kuzungusha mpini. Baada ya swala nilimpelekea santuri. Akafurahi, akaifuta vumbi, akatia sindano mpya ya chuma, akaweka upande wa pili. Kilichotoka hakikuwa sauti ya mtu. Kilikuwa kelele za kuku anayekimbizwa, na chini yake mkwaruzo.

"Toa! Toa, mzee Kibwana!"

Akainua mkono wa mashine. Ukingoni mwa santuri pana mfereji mweupe kama palipopita jembe.

"Pole, mwanangu," alisema. "Sijaona santuri laini namna hii. Nilidhani zote ni moja."

Nimeifunga kwenye kanga na kuiweka chini ya nguo zangu sandukuni.

Jumapili, 6 Machi. Sifuri. Mfungo na joto.

Jumatano, 9 Machi. Pointi 35, pointi mia ndiyo inchi moja. Mvua ya kwanza. Shangazi Mashavu, dada yake baba, amekuja kutusaidia kupanda.

Jumamosi, 12 Machi. Pointi 80.

Isihaka amekuja na fundi wa kumtengenezea springi ya lori. Anaitwa Yordani, mtu wa makamo, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha mkonge karibu na Korogwe. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, naye amezaliwa kambini. Isihaka alikuwa ameshamsimulia mkasa wangu, akataka aione santuri. Sikutaka kuitoa. Nikaitoa.

Aliishika kwa kingo tu, viganja havikuigusa, akaigeuza juani.

"Dada Hamisa, hii ni ya mwendo wa pole. Gramafoni ya Kibwana inazunguka zaidi ya mara mbili ya mwendo wake, na ile sindano yake ni msumari. Mlichokwaruza ni wimbo wa kwanza. Huo wa nne uko huku ndani, mzima kabisa."

Nilikaa chini papo hapo, kwenye tope.

Akasema anao mtambo unaofaa. Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Kerenge alipofunga virago kurudi kwao alimwachia kabati la redio lenye kinanda cha santuri ndani yake. Shamba lile halikuwa na umeme, kwa hiyo mtambo unatumia betri ya lori. Betri moja tu, ya volti sita.

"Njoo Korogwe usikie," alisema. "Mke wangu Stefania atakupokea."

Nimemwambia nitakuja baada ya Idi. Baba sikumweleza. Sauti hiyo ni ya mama yangu, na mimi ndiye ninayeitaka.

Jumatatu, 14 Machi. Inchi 1 na pointi 12.

Alhamisi, 17 Machi. Pointi 60. Mahindi yameota. Nguruwe pia wamejua.

Jumanne, 22 Machi. Inchi 2 na pointi 5. Korongo la njia ya Korogwe limejaa, magari hayapiti. Baba amekataa kula. Nimemwacha na bakuli lake nikaenda shamba, na huko shamba nikajuta.

Jumanne, 29 Machi. Sifuri. Idi. Tumemvika baba kanzu. Amelia kidogo, sijui kwa nini. Siku hizi analia upesi.

Jumamosi, 2 Aprili. Pointi 20.

Leo ningekuwa Korogwe.

Korongo lilipungua. Isihaka akaja saa nne, akasema nafasi ya mbele ipo. Nilikuwa nimeshaiweka santuri kati ya nguo mbili ndani ya kikapu, na Shangazi Mashavu angebaki na baba. Nilipomuaga Shangazi nikamwambia kweli ninachokwenda kufanya.

Shangazi aliweka chini ungo.

"Utasikia peke yako?"

"Baba hataki hata kuiona. Si yeye aliyemfukuza kwa sababu ya kuimba?"

"Nani kakwambia alimfukuza?"

"Watu."

"Watu!" Akanivuta nyuma ya jiko, baba asitusikie. "Kaka yangu alimnyamazisha mara moja tu, Hamisa. Yule mdogo wako wa pili alipokufa, mama yako alikuwa amempakata maiti anamwimbia, kama anambembeleza alale. Watu wamejaa uani. Baba yako akasema, 'Mwatumu, usiimbe leo.' Mbele za watu. Mama yako akanyamaza. Akanyamaza miezi minane, ndani ya nyumba hii. Kisha akafunga mzigo wake, akaondoka mwenyewe."

"Naye akamwacha aende?"

"Alimfuata Kang'ata mara tatu, kwa miguu. Mara zote alirudi na vumbi lake. Na hao wageni wa mashine, unadhani walimjuaje Mwatumu? Walikuja barazani kutafuta waimbaji. Baba yako, karani mzima, akapanda lori lao akawaongoza mpaka Kang'ata. Jina la mama yako aliliandika yeye kwenye orodha yao. Na anwani akawapa yake."

Isihaka akapiga honi. Nilikwenda nikapanda. Nilishaketi na kikapu mapajani, na lori limeshaanza kutembea, ndipo nikamwambia asimame. Nikashuka.

"Umesahau nini?" Isihaka aliuliza.

"Mwambie fundi Yordani sitakuja. Mwulize kama huo mtambo unaweza kuja hapa."

Aliniangalia kama mtu anayetazama kichaa. Mimi mwenyewe sijui vizuri nilichofanya. Nilikuwa nimebakiza saa tatu tu niisikie sauti yake, nami nimerudi kupepeta mahindi.

Jioni nimemlisha baba. Nimemtazama mdomo wake uliopinda na vidole vyake vya kalamu. Nilitaka kumwuliza. Nimemfuta kidevu.

Jumatano, 6 Aprili. Inchi 1 na pointi 40. Palizi.

Jumapili, 10 Aprili. Pointi 55.

Mtambo umefika! Isihaka na fundi Yordani wameubeba wawili, umefunikwa turubai. Ni kabati la mbao lenye kitambaa cha dhahabu mbele. Tumeuweka chumbani kwa baba, mkabala na kitanda.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema. Baba akajibu marahaba, nusu yake ikasikika.

Fundi akafunga waya mbili kwenye vichwa vya betri, akaminya kitufe. Taa ndogo ikawaka njano, na ndani ya kabati kikaanza kunguruma kidude kama nyuki aliye chupani. Kumbe hicho ndicho kinachoukuza moto mdogo wa betri uweze kuendesha spika. Baba alikaza macho. Kisha taa ikafifia, ikawa nyekundu, ikazimika, na nyuki akanyamaza. Santuri hatukuwa hata tumeitoa.

Fundi akafungua vifuniko vya betri, akachungulia. Maji yamekauka, na njia mbovu imeitikisa mpaka vibao vya ndani vikaachia uchafu.

"Lazima irudi ikachajiwe kiwandani," alisema. "Na inataka maji safi. Ya kisima yana chumvi, yataiua."

"Yapo ya kipimo."

"Kipimo chako ni cha shaba, hayafai. Weka bakuli la kauri uwanjani, mbali na paa. Mvua ikishasafisha hewa, ndipo ukinge."

Wameondoka nayo. Mtambo umebaki, nimeufunika shuka. Baba akanitazama, kisha akatazama mahali ilipokuwa betri.

"Imekwenda Korogwe, baba," nilimwambia. "Itarudi."

Alhamisi, 14 Aprili. Pointi 90. Nimekinga chupa moja na nusu.

Jumatatu, 18 Aprili. Inchi 1 na pointi 75. Baba kauliza kwa macho. Imekwenda Korogwe.

Jumamosi, 23 Aprili. Inchi 3 na pointi 10. Tangu nianze sijapata kusoma namba kubwa hivi. Ukuta wa jiko umeanguka. Njia imekatika kabisa.

Jumatano, 27 Aprili. Pointi 65.

Isihaka kafika kwa mguu, matope hadi kiunoni. Betri yetu ilikuwa ndani ya lori, imechajiwa vizuri. Lori likazama maili nane kutoka hapa, likalala siku tatu, na moja ya betri zake mbili ikafa. Akafunga yetu ili aliwashe.

"Ningefanyaje, dada? Nilikuwa na mahindi ya watu, na mvua inanyesha."

Nilimtukana. Nilimwita mwizi, mbele ya Shangazi na mbele ya wapita njia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akafungua kitambaa akatoa dawa ya kuchua aliyomnunulia baba, akaiweka kizingitini, akaanza safari ya kurudi kwenye lori lake.

Ijumaa, 29 Aprili. Pointi 15. Nimemwomba Kibwana ampelekee Isihaka salamu zangu za kuomba radhi, akimwona.

Jumanne, 3 Mei. Inchi 1.

Asubuhi baba hakuamka kama siku zote. Jicho moja halifungi, na mate yanapotea njia. Mganga wa zahanati amekuja na koti la mvua, akampima, akaniambia ukweli: kiharusi kimerudi. Sikio la kulia halisikii. La kushoto anadhani linasikia bado. Nilimwuliza muda gani. Akasema watu hutofautiana. Kisha akasema nisimwache peke yake.

Nimekaa naye siku nzima. Nimemsemesha upande wa kushoto. Nimemsomea namba za mvua tangu Machi, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumsomea na kwa sababu ni kazi yake. Nilipofika kwenye ile inchi tatu na pointi kumi, nyusi zake zilipanda. Nikacheka peke yangu. Sikuwahi kukaa na baba yangu namna hii, hata alipokuwa mzima.

Nilikuwa nikitaka kuisikia sauti ya mama. Sasa nataka yaisikie masikio yangu mawili na hilo moja lake, kabla halijafunga nalo.

Nimemwandikia fundi: Njoo kama unaweza. Mzee anaondoka.

Ijumaa, 6 Mei. Pointi 30.

Jumapili, 8 Mei. Pointi 5. Kimya cha njia.

Jumatano, 11 Mei. Sifuri.

Naandika yote, kwa utaratibu, nisije nikasahau.

Walifika saa nane mchana, Isihaka na fundi Yordani. Lori waliliacha ng'ambo ya korongo, wakavuka na betri iliyotundikwa kwenye mti mabegani, mmoja mbele mmoja nyuma, kama wabeba machela. Asidi imemwagikia suruali ya Isihaka, imetoboka goti zima. Nilitaka kumwomba radhi mwenyewe. Akasema, "Acha hayo, dada, tuna kazi."

Fundi aliongeza maji yangu ya bakuli, tundu moja moja, akatumbukiza kipimo chake cha kioo kupima asidi.

"Vibao vyake vimelika," alisema polepole. "Itashika nusu saa, labda pungufu. Tusiweke nyimbo nyingine. Twende wa nne moja kwa moja."

Shangazi alimwinua baba, akamwegemeza kwenye mito, sikio la kushoto lielekee spika. Mimi nilikaa sakafuni. Taa ikawaka njano. Nyuki akaanza. Fundi akainama mpaka pua karibu iguse santuri, akatafuta ule mstari mwembamba unaotenga wimbo na wimbo, akashusha sindano.

Kwanza vumbi. Kisha jogoo, jogoo wa Kang'ata, na mtu akikohoa. Kisha mwanamke akaanza, peke yake, juu, sauti safi. Ni wimbo wa palizi, wa Kizigua. Wengine wakaitikia.

Nililia kwa sauti. Nilijisikia natamka, "Mama. Ndiye huyo. Mama yangu."

Baba alipiga godoro kwa mkono wake mzima. Mara moja, mara mbili. Nikageuka. Alikuwa anatikisa kichwa.

"Si... yeye."

"Si yeye nani, baba?"

"Shida," alisema. "Shida."

Shangazi akashika kinywa. Shida alikuwa shoga yake mama, alisema, waliolewa mwaka mmoja. Wimbo ukaisha. Fundi akainua sindano, akaniangalia. Nilihisi nyumba imenielemea. Miezi miwili ya mvua, na anayeimba ni Shida.

"Na mama yuko wapi?" niliuliza. "Jina si uliandika wewe?"

Ilimchukua muda mrefu. Shangazi alitaka kumsaidia maneno, nikamzuia.

"Niliandika... kabla. Alikuwa aanze yeye. Aliniona... kwenye lori." Akapumzika. "Akarudi nyuma."

Shangazi akamwekea mto vizuri.

"Rudia," baba alimwambia fundi.

Fundi akarudisha sindano. Shida akaanza tena. Wanawake walipoitikia, baba aliinua kidole chake cha shahada. Akakishusha. Shida akaimba mstari wa pili, wakaitikia, kidole kikapanda. Nilisikia rundo la sauti tu, kama mvua juu ya bati. Nikasogea mpaka bega langu likagusa kitanda chake. Mstari wa tatu. Kidole hakikupanda pamoja na wale wanawake. Kilipanda nyuma yao kidogo, kitambo cha kupepesa jicho. Ndipo nikamsikia. Wenzake wanaitikia wote pamoja, na mmoja anaingia amechelewa, sauti nzito, ya chini, haina haraka, na wenzake wakishanyamaza yeye bado yupo, anamalizia.

"Huyo?" nilinong'ona.

Kidole kilibaki juu.

Tulirudia mara ya tatu. Taa ikaanza kufifia. Fundi akasema tuzime tusiiue betri, mimi nikasema aache. Sauti zikaanza kulegea, Shida akawa mzito kama mwanamume, maneno yakavutika, na mama akazama chini zaidi, akiwa wa mwisho bado. Halafu sahani ikasimama yenyewe.

Nje watoto wa jirani walikuwa wanafukuza ndege shambani. Isihaka alitoka akasimama uani, ametupa mgongo.

Nilimwuliza baba, kwa sikio la kushoto, "Kwa nini hukushuka kwenye lori?"

"Ningeshuka," alisema, "asingeimba kabisa."

Alhamisi, 12 Mei. Sifuri. Wameondoka na betri alfajiri.

Jumatatu, 16 Mei. Pointi 10. Baba amekula bada ya muhogo na mlenda, vijiko sita.

Jumamosi, 21 Mei. Sifuri.

Barua ya fundi. Betri imekufa, vibao vimemomonyoka ndani, haishiki tena. Atatafuta nyingine, lakini ajuavyo yeye haitapatikana kabla ya vuli. Mtambo nikae nao.

Nilimweleza baba kweli, sikumficha. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Imba wewe."

"Sijui maneno, baba."

Anayajua yeye. Yote. Amenipa neno moja moja, mchana kutwa, akipumzika katikati, mimi naandika nyuma ya daftari hili. Maneno ya Shida kwanza, halafu ya waitikiaji. Mengine ilibidi Shangazi aje kunieleza maana, kwa sababu ni Kizigua cha zamani. Shangazi alipoona yametimia aliketi mlangoni, akaanza yeye mstari wa Shida, kwa sauti ya kizee iliyopasuka. Mimi nikaitikia.

Baba akatikisa kichwa.

"Umewahi," alisema. "Chelewa."